Watoto 34, chumba kimoja: nianzeje kipindi cha watoto kujichagulia kazi katika darasa la awali?

MwalimuTanga

Salaam walimu wenzangu,

Naomba msaada wa vitendo. Darasa ni la awali, watoto 34, wengi wana miaka 4 na 5. Tuko wawili, mimi na msaidizi. Chumba ni mita 8 kwa 6, sakafu ya saruji, mikeka mitano, rafu moja ndefu ya mbao, meza za watoto hakuna. Nje kuna kiwanja na mwembe wenye kivuli kizuri. Tunaingia saa 2 asubuhi, uji saa 4, tunatoka saa 5 na nusu.

Ninachotaka ni sehemu kubwa ya asubuhi watoto wajichagulie wenyewe cha kufanya, nami nifuate walipo, kuliko kuwaimbisha a-e-i-o-u wote kwa mpigo. Kona tano za vifaa vya kucheza zimeshapangwa. Kinachotokea: kumi na tano wanajazana kona ya nyumbani (jiko la kuigiza), wengine wanazunguka bila kushika kitu, vifaa vinahamahama mpaka ikifika Ijumaa huwezi kujua kona ipi ni ipi, na baada ya dakika 20 hivi kelele zinapanda.

Nauliza: ratiba ikaeje? Vifaa gani, na vingapi? Yule anayezunguka tu nimfanyeje? Na wazazi wanaotaka kuona daftari limejaa maandishi niwaoneshe nini? Bajeti ya kuanzia ni shilingi 150,000, na fundi seremala yupo jirani.

---

KonaZaPwani

Mwalimu, tazama kwanza kile kinachotangulia kucheza. Mtoto akifunguliwa kona bila kuulizwa anakwenda kufanya nini, atamfuata mwenzake, na wenzake wote wako jikoni. Kinachokosekana hapo ni kupanga kabla na kukumbuka baada.

Mtindo wa kupanga, kufanya na kukumbuka umetoka HighScope, mfumo wa kufundisha watoto wa awali ulioanzishwa na David Weikart na wenzake huko Ypsilanti, Michigan, miaka ya 1960. Kwetu pwani uliingia kupitia shule za awali za Madrasa zilizoanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa walimu wa mwanzo, ukafika Zanzibar 1990 na Uganda 1993. Nawataja kwa sababu walifanya kazi katika vyumba kama chako: mikeka, vifuu, khanga, nyimbo za Kiswahili na mafunzo ya dini humohumo. Hakuna sababu ya kusubiri vifaa vya dukani.

Ratiba kwa saa zako: 2:00 hadi 2:20 salamu na wimbo. 2:20 hadi 2:35 kupanga. 2:35 hadi 3:35 kufanya. Dakika 10 za kurudisha vitu, 15 za kukumbuka, kisha uji. Baada ya uji nje, halafu kikundi kidogo, na hadithi ya kufungia siku. Saa nzima ya kufanya ni muhimu. Dakika 20 zinamtosha mtoto kutoa vitu tu. Mchezo wenyewe hauanzi.

Gawa watoto vikundi viwili vya 17, kila kikundi na mtu mzima wake, wasibadilishwe muhula mzima. Dakika 15 hazitoshi kuongea kwa kirefu na 17, kwa hiyo kila siku ongea vizuri na wanane au tisa. Waliobaki waoneshe kwa kidole, kwa kuleta kitu kimoja watakachotumia, au kwa kunong'ona kwenye simu ya makopo mawili yaliyounganishwa kwa uzi. Kesho unageuza. Swali ni "Utafanya nini?", kamwe lisiwe "Utakwenda kona gani?" Ukiuliza kona, atakujibu "jikoni" na mambo yameisha. Ukiuliza atafanya nini, atasema "nitapika wali wa nazi", nawe unapata pa kuendelea: utatumia nini, nazi utaikunia wapi, nani atakula. Mpaka anasimama ana picha ya kazi kichwani, na mtoto mwenye picha ya kazi hazunguki.

Sasa hesabu ya nafasi. Nafasi zote zikijumlishwa zizidi idadi ya watoto kwa karibu robo, ili hata wa mwisho kuchagua awe bado na cha kuchagua. Kwa 34 unahitaji kama 42: nyumbani 8, ujenzi 6, sanaa 8, vitabu 4, vitu vidogo vya kupanga na kuhesabu 8, mchanga na maji nje 8. Kona tano zenye nafasi sita sita ni 30 tu, kwa hiyo wanne hawana pa kwenda hata kabla hujaanza, na hao ndio utawaona mlangoni. Kila mtoto awe na alama yake (samaki, nyota, jani) kwenye kibanio cha nguo. Kona iwe na kadi yenye nukta kulingana na nafasi zake. Akifika anabana, akiondoka anabandua. Kibanio kinawaondolea ugomvi wa nani alitangulia.

Kumi na tano kujazana nyumbani ni habari nzuri: wanataka mchezo wa kuigiza. Usiwafukuze, panua. Weka duka au daladala pembeni yake ili mchezo umwagikie huko. Na vitu vinavyogombewa viwe zaidi ya kimoja: majiko mawili, sufuria nne, vikombe sita, wanasesere watatu, khanga nne, pawa tatu, mbuzi ya nazi iliyong'olewa ulimi. Sufuria moja kwa watoto wanane ni kuwatafutia vita.

Kurudisha vitu: kila chombo kifungiwe kitu halisi kilichomo (kombe moja kwenye kopo la makombe), na kwenye rafu chora kwa maka peni umbo la chombo kinapokaa. Mtoto asiyejua kusoma anaona pengo. Toa taarifa dakika tano kabla. Jengo ambalo halijaisha libaki, liwekewe kitambaa chekundu. Ukilivunja kila siku, kesho atajenga kitu cha dakika tano.

Anza na kona tatu kwa wiki mbili, na katika wiki hizo nusu ya watoto wawe nje na msaidizi, kisha mbadilishane. Baadaye ongeza kona moja kila wiki. Wala usibadilishe vifaa vyote kila Jumatatu. Mtoto aliyepanga Ijumaa jambo la kuendeleza akikuta limeondolewa, ameshajifunza kwamba mipango yake haina thamani.

Kuhusu anayezunguka, mtazame kwanza. Kuna anayetazama wenzake, huyo anafanya kazi, mwache dakika kumi. Kuna aliyemaliza alichopanga, muulize mpango wa pili. Na kuna asiyejua aanze wapi: kaa karibu naye, chukua vifaa na fanya kitu chako kimyakimya. Mara nyingi atachukua na yeye. Maswali mfululizo humfukuza.

---

MkekaMmoja

Naungana na KonaZaPwani kwenye rafu, alama na kutobadilisha ovyo. Kwenye mambo mawili naona tofauti, na ningependa mwalimu azipime kabla hajaamua.

La kwanza ni muda. Montessori, mtindo mwingine wa kufundisha watoto wadogo, inataka karibu saa tatu zisizokatwa. Saa moja ikifuatwa na kurudisha, kukumbuka, kisha uji, inamkata mtoto pale anapoanza kuzama. Utaona kwenye dakika ya 50 au 60 chumba kinachangamka, wanahangaika, na mwalimu anadhani wamechoka. Akivumilia, robo saa baadaye wengi wanachagua kazi ngumu kuliko ya kwanza. Kinachokata asubuhi yako ni uji wa pamoja. Ufanye uji uwe kazi mojawapo: mkeka mdogo wa watoto wanne, chupa ya chai yenye uji wa vuguvugu (usiwe wa moto), vikombe, beseni la kuoshea. Kuanzia saa 2:45 mpaka saa 4:15 mtoto anakwenda akisikia njaa, nafasi ikiwepo. Anajimiminia, anakunywa, anaosha kikombe, anakifunika. Hakikisha tu kwa orodha kwamba hakuna aliyepitwa.

La pili, vitu vya kweli badala ya vya kuigiza. Mtoto wa miaka minne anayepewa ungo na mchele wa kuchambua atakaa nao muda mrefu kuliko jiko la boksi. Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya kwanza ya watoto San Lorenzo, Roma, Januari 1907, alikuwa na watoto zaidi ya 50 chumbani, kwa hiyo 34 si kisingizio. Vifaa vilianza kufungiwa kabatini. Watoto walipoonekana wanajua wanachokitaka, likaja kabati fupi la wazi ambalo mtoto anajichukulia mwenyewe. Hiyo rafu yako ndefu, ikatwe iwe na kimo cha sentimita 80 kwenda chini.

Wiki nne za mwanzo weka kazi za maisha ya kila siku peke yake, kila moja kwenye sinia lake: kumimina, kuhamisha kwa kijiko, kupeta, kufungua na kufunga vifuniko vya saizi tofauti, kukunja leso, kufunga vifungo vya shati, kuosha kitambaa, kusuka ukindu mara tatu, kufuta vumbi, kupanga viatu. Kila sinia ni moja tu darasani. Kusubiri zamu ni sehemu ya somo, na hapo ndipo sikubaliani na sufuria nne.

Nieleze moja kwa karibu, kumimina. Vyombo viwili vya udongo au kauri vinavyolingana, vya mililita 250 hivi, vyenye mdomo mzuri. Kimoja kijazwe theluthi mbili kwa kokwa za ubuyu zilizooshwa sukari na rangi, zikakaushwa juani siku mbili. Unamwita mtoto mmoja, unakaa upande wa mkono wako wa kutumia ili usimzibe, unabeba sinia kwa mikono miwili. Unashika chombo, unakisogeza mpaka mdomo uko juu ya katikati ya kile kitupu bila kukigusa, unamimina polepole, unasubiri kokwa ya mwisho. Unageuza. Kokwa iliyodondoka unaiokota kwa vidole viwili, iwe ndiyo hatua ya mwisho ya kazi. Huongei unapoonesha: mtoto akitakiwa kutazama mkono na kusikiliza maneno, anaacha kimoja. Akizoea, maji, na kipande cha sponji kando.

Inaharibika wapi? Jagi la plastiki ni jepesi, linapinduka. Jagi la lita moja linamzidi nguvu. Ukijaza mpaka juu itamwagika kila mara na mtoto ataiacha. Sinia lisilo na ukingo litakupa kokwa chumba kizima.

Tahadhari ya mbegu: usiweke nyonyo, mbono, wala zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi zinazotungwa shanga. Zote zina sumu. Na kama wadogo zao wa chini ya miaka mitatu hupita darasani, chochote kinachopenya kwenye bomba la karatasi ya chooni kiwekwe juu wasipofika.

Herufi nazo zinaweza kuchaguliwa na mtoto mwenyewe, usidhani ni lazima ziimbwe. Herufi za msasa: kata msasa laini, namba 150 au zaidi (wa 80 unakwaruza vidole na hataurudia), bandika kwa gundi ya mbao kwenye hadibodi ya sentimita 12 kwa 15, herufi ndogo tu. Kiswahili kinakurahisishia. C peke yake, q na x huzihitaji; zinabaki irabu 5 kwenye ubao wa buluu na konsonanti 18 kwenye waridi. Kisha vibao 8 vya kijani vyenye herufi mbili zinazotoa sauti moja: ch, dh, gh, kh, ng', ny, sh, th. Jumla 31, hakuna zaidi. Toa sauti "mmm", usiseme "ma" wala "em", la sivyo atakapounganisha "mama" atapata kitu kingine kabisa. Anza na a, i, m, t: tayari ana mama, ita, mita, ami. Fundisha mbili au tatu kwa mara moja kwa hatua tatu: "hii ni m", kisha "nioneshe m", na mwisho "hii ni ipi?" Akikosa hatua ya pili usimsahihishe, rudi ya kwanza siku nyingine.

Kwa herufi za kupanga maneno sakafuni, kata za manila: a 15, irabu nyingine 10 kila moja, konsonanti 5 kila moja. Ni 145. Ukikata za kila herufi sawasawa, a zitaisha kabla mtoto hajamaliza neno la tatu.

---

MwalimuTanga

Asanteni sana, nyote wawili. Naandika kila kitu. Nimeelewa kwamba idadi ya nafasi ilikuwa pungufu tangu mwanzo, na kwamba kupanga hakukuwepo.

Yamebaki matatu. Matofali ya mbao: nimwambie fundi vipimo gani? Wazazi bado. Na ugomvi: vitu vikiwa vichache, wakigombana, niingilie au niache?

---

MsasaNaRanda

Najibu la matofali, maana hapo ndipo pesa hupotea.

Kipimo cha kawaida ni sentimita 3.5 unene, 7 upana, 14 urefu, yaani moja kwa mbili kwa nne. Uwiano huo ulitengenezwa na Caroline Pratt, mwalimu wa New York aliyefungua shule yake mwaka 1914, na haujapata mpinzani: nusu mbili zinalingana na moja, mbili zilizolala moja juu ya nyingine zinalingana kimo na moja iliyosimama kwa ubavu, na mtoto anakutana na nusu na robo bila mtu kumtamkia. Kwa watoto sita agiza nusu (7 × 7) 40, nzima 80, mbili (sentimita 28) 40, na nne (sentimita 56) 16. Jumla 176. Ukipiga hesabu ni mita 34 na kidogo za mbao iliyokwisha kurandwa. Ongeza nusu mita inayoliwa na msumeno, na mafundo ya mbao, sema mita 38. Ikizidi bajeti, agiza nusu ya kila aina kuliko kuacha aina moja. Zile ndefu ndizo madaraja na paa. Zikikosekana, watoto wanajenga kuta tu.

Kwa mabaki ya karakana ni rahisi zaidi, lakini fundi ayapitishe kwenye randa yafikie unene mmoja. Usikubali akate kwa kupima kila kipande kwa futi. Atakukosea milimita mbili hapa, tatu pale, mnara wa matofali nane unainama, na mtoto anaona mkono wake ndio mbaya. Apigilie kizuizi kwenye meza ya kukatia, kila kipande kigote hapo. Kabla ya kulipa, simamisha kumi ulizochukua bila kuchagua, pitisha kiganja juu: ukisikia ngazi, zirudishwe.

Mbao iwe kavu. Mbichi husinyaa upana zaidi kuliko urefu, ile 7 inakuwa 6.7 na uwiano umekwisha. Msonobari unatosha, tofali moja halifiki gramu 200. Mninga ni mzuri na mzito kidogo tu. Asikushawishi akukatie kwenye mbao za inchi 2 kwa 4 kama zilivyo, kwa sababu tofali litakaribia nusu kilo, na likianguka kwenye dole gumba la mguu kilio utakisikia. Mbao za kijani zilizotiwa dawa kwa ajili ya paa zikatae kabisa, hata zikiwa za bure: dawa ile huwa na aseniki. Msasa 80, halafu 120, amalizie 180, kona zote zivunjwe makali. Vanishi ya nini? Acha mbao wazi, vanishi inateleza na majengo yanaanguka.

Chumbani, weka ujenzi mbali na mlango, juu ya mkeka, maana saruji ndiyo inayokuletea nusu ya kelele. Piga mstari wa rangi sentimita 30 kutoka kwenye rafu: hakuna kujenga ndani ya mstari. Bila huo, wa kwanza anajenga mbele ya rafu na wa pili akija kuchukua tofali anabomoa.

---

MamaAwali

Wazazi. Mwalimu, usianze kwa kuwaeleza falsafa. Waoneshe kitu cha mtoto wao.

Kila mtoto awe na bahasha kubwa ya kaki. Wiki ya kwanza ya kila mwezi mpe karatasi, aandike jina lake na achore mtu. Usimshike mkono, usimsahihishe, andika tarehe nyuma. Mwezi wa kwanza utapata viduara, wa nne herufi mbili zimegeuka, wa saba jina limetimia na mtu ana vidole. Zipange kwa mfuatano mbele ya mzazi, unyamaze. Daftari lenye mistari ya "a a a a" linaonesha mkono wa mwalimu. Bahasha inaonesha mtoto.

Pamoja na bahasha, kumbukumbu za kutazama. Watoto wanne kwa siku, ninyi wawili wawili wawili, mnamaliza darasa kwa siku tisa. Maneno machache tu: tarehe, mahali, alichofanya, alichosema. "Anapenda ujenzi, anaelewana na wenzake" haimsaidii mtu. "3/6, ujenzi. Alipanga matofali marefu sita, akahesabu 1 mpaka 6, akaruka 4. Akasema: huku ndiko meli inapita" inakuambia cha kufanya kesho: weka kazi ya kuhesabu kwenye njia yake. Mzazi akisoma hiyo anajua unamjua mwanawe.

Siku ya wazazi, waingize kwenye kona dakika 30 wacheze wenyewe, halafu waulize walihesabu nini na waliongea nini. Na waambie kwamba kona za ujifunzaji zimo kwenye mtaala wa awali wa Tanzania, hukuzibuni.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo: usiwaahidi makubwa. Utasikia watu wakitaja utafiti wa Perry, ule wa Ypsilanti wa 1962 hadi 1967, ambapo watoto waliosoma kwa mtindo huu walifuatiliwa mpaka miaka 40 na wakaonekana kufanikiwa zaidi. Ni kweli. Lakini watoto wote waliohusika walikuwa 123, chini ya nusu yao ndio waliosoma, mwalimu mmoja alikuwa na watoto watano au sita, na kila wiki alikwenda nyumbani kwa mtoto kwa saa moja na nusu. Wewe una 17 kwa kila mtu mzima. Uko ndani ya kiwango cha serikali cha 25, ila hapo si Ypsilanti.

Na kuna mtoto ambaye kwa ridhaa yake hatagusa herufi wala hesabu mwaka mzima. Kumfuata mtoto si kumwachia pengo aende nalo darasa la kwanza. Hapo ndipo kikundi kidogo cha baada ya uji kinapofanya kazi: dakika 20, mwalimu ndiye anayeleta vifaa (vizibo 10 kwa kila mtoto, au udongo na herufi tatu), mtoto anaamua avitumie vipi. Kumbukumbu zako zitakuambia nani ahitaji nini.

---

KonaZaPwani

MkekaMmoja, hoja ya muda naikubali. Kama uji unaweza kuwa wa kujihudumia, mwalimu aunganishe, kipindi cha kufanya kiende mpaka saa 4 na nusu na kukumbuka kufuate. Ila aanze na saa moja mpaka watoto wazoee kurudisha vitu, ndipo arefushe. Kwenye kuigiza tunabaki tofauti: duka la vifuu na vizibo linamfanya mtoto aseme, apange bei na akumbuke nani anadaiwa, na lugha hiyo huipati kwenye sinia la mtu mmoja. Katika chumba cha mita 8 vinaweza kukaa vyote viwili, masinia kwenye rafu, kuigiza upande wa pili.

Kuhusu ugomvi, ingilia, ila usiamue. Nenda taratibu, inama mpaka macho yenu yalingane, zuia mkono unaopiga na ushike wewe kile kinachogombewa. Taja wanachohisi: "Umekasirika. Na wewe umeumia." Muulize kila mmoja nini kimetokea, rudia shida kwa maneno yao: "Nyote mnataka upawa mmoja." Kisha: "Tufanyeje?" Ngoja. Hapa ndipo walimu wengi wanakosa subira na kutoa hukumu. Wakikubaliana, hata kama suluhisho lao unaliona la ajabu, likubali, kisha baki karibu dakika chache uone kama linashika. Mara za mwanzo itakula dakika tano nzima. Ndiyo maana msaidizi naye lazima ajue hatua hizi. Mmoja akiuliza na mwingine akinyang'anya, watoto watamkimbilia anayenyang'anya kwa upande wao.

Na mchanga, kwa kuwa uko Tanga: ukitoa ufukweni, uoshe kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, mara mbili, uanike, la sivyo chumvi inawasha vidonda vya mikono na miguu. Sanduku la mbao mita 2 kwa 2, kina sentimita 30, chini pasitiwe saruji ili maji yapite. Lifunike jioni kwa turubai au kuti zito, maana paka wakilijua hutautumia mchanga huo tena. Maji yakae kwenye beseni mbili za lita 20 zilizojazwa robo tu, juu ya kitu imara, na mmoja wenu awe mwembeni muda wote beseni zikiwa na maji. Mnapoingia ndani zimwagwe.